Swali Langoni

Miaka kumi na moja ninalinda mageti
na kazi yangu yote ni kuuliza.
Unakwenda kwa nani. Umetoka wapi. Mfukoni mna nini.
Kwa Kiswahili sihamishi hata neno.
Nanyanyua sauti tu pale mwishoni,
kama mtu anayejitwika ndoo:
"Umekuja" inakuwa "Umekuja?"
na mgeni anajua anadaiwa jibu.

Sasa kampuni imetuleta Mtumba,
kwenye wizara, vumbi jekundu na vioo,
na meneja katoa tangazo:
mlinzi asiyeweza kuuliza kwa Kiingereza
arudi kwao akaamie ndege kwenye uwele.

Basi kila Jumatano, zamu ikiisha,
tunajibana kantini, watu saba.
Mwalimu Sechelela, mjukuu wa mchungaji wa Mvumi,
anaandika kwenye ubao wa vyakula,
chini ya bei ya wali maharage.

Kiingereza, anasema, hakiridhiki na sauti.
Ukitaka kuuliza, umtangulize mtumishi mbele.
Anaitwa Du.
Nikanyoosha mkono: Du maana yake nini?
Akafikiri kidogo.
Hapa hana maana, akasema,
kazi yake ni kusimama mbele,
asipokuwepo swali haliingii.
Na jambo likiwa la jana, yeye ndiye hulipokea,
anajiita Didi, anaibeba jana yote,
tendo lenyewe linapita mikono mitupu.

Nikacheka peke yangu, wenzangu wakageuka.
Huyo namfahamu.
Hana maana, anasimama mbele,
anapokea mizigo ya wanaopita:
huyo ni mlinzi.

Lakini hawa akina Nani na Wapi wamenisumbua.
Kwetu ni watu wa subira,
wanakaa nyuma, pale pale litakapokaa jibu.
Unakwenda wapi? Nakwenda Kongwa.
Kongwa anakuta kigoda kimeshapashwa joto.
Kule, Wapi anaruka foleni nzima
kama gari la mkubwa.
Chilewa wa Bahi akajaribu: "Yu want hu?"
Kantini ikaangua kicheko.
Mwalimu hakucheka. Alisema,
mimi ningekujibu.

Nyumbani Ihumwa, Mwendwa wangu yuko kidato cha kwanza.
Wiki ya tatu hii amebeba swali moja la baiolojia:
kwa nini zabibu za babu yake kule Hombolo
huzidi utamu maji yakikatwa shambani.
Mwalimu wao hapokei swali la Kiswahili.
Mtoto anapanga maneno, anapangua,
anapanga tena,
kengele inalia.

Usiku tukakaa na taa ya sola, yeye na daftari,
mimi na sare yangu bado mwilini.
Nani anasimama mbele? nikamuuliza.
Du.
Na mbele ya Du?
Akauma kalamu. Wai.
Kumbe hata mlinzi kuna anayempisha.
Tukaandika, tukafuta, mama yake akatuita kula,
ugali ukapoa,
tukasoma kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta.

Alhamisi gari jeupe likasimama getini,
ndani mzungu, miwani, karatasi mapajani.
Nikajiweka sawa. Hu mbele, Du nyuma yake, wengine wafuate:
"Hu du yu want tu sii?"
Lote lilitoka, halikujikwaa popote.
Akashusha kioo.
"Shikamoo mzee. Samahani, choo kiko wapi?"
Wapi yake ilikaa nyuma, kwa adabu kabisa.
Nikamwonyesha.

Ijumaa Mwendwa alichelewa.
Nilimwona tangu mbali, anakuja na njia ya reli,
begi kaligeuzia kifuani,
sikuweza kumsoma uso kwa jua la magharibi.
Kiingereza chote nilichokusanya kikanitoka.
Alipofika mlangoni nilimwambia neno moja tu,
"Umeuliza,"
nikalinyanyua mwishoni.