Pimamaji

Koti walilonipa lina jina kifuani:
Vlasta, kwa uzi mwekundu, mshono wa mkono.
Mwenyewe alivunjika nyonga kwenye barafu ya Januari,
nami nimekodiwa wiki kumi na moja
kukikalia kiti chake hadi mfupa uunge.

Kiwanda kiko nyuma ya stesheni, ng'ambo ya mto Sázava.
Watu tisa, jiko moja la makaa,
redio isiyokamata ila hali ya hewa.
Tunatengeneza pimamaji,
zile rula nene za waashi, zenye kichupa cha maji ya kijani
na ndani yake kiputo kimoja cha hewa
kisichojua kumpendelea mtu.

Kazi yangu ni kiputo.
Nakilaza kichupa juu ya bamba la jiwe jeusi
ambalo Otakar huliapia kuwa ndilo kitu pekee
kilicho sawa katika wilaya nzima.
Nasubiri. Kiputo kinahangaika
kama mgeni atafutaye pa kukaa msibani,
mwisho kinatulia.
Kati ya mistari miwili: boksi.
Nje ya mstari: ndoo.
Mia nne kabla ya supu. Mia nne baada ya supu.

Siku ya kwanza niliijaza ndoo.
Otakar hakufoka. Aliitazama, akanitazama,
akasema, "Vlasta hushusha pumzi kwanza. Pembeni."
Kumbe nilikuwa naipumulia kazi,
na joto la mtu mmoja linatosha
kukidanganya kiputo.

Miaka ishirini na mbili nilifundisha jiografia
hadi shule ikafungwa kwa kukosa watoto.
Kimo cha kila mlima nilikuwa nacho kichwani.
Sasa najifunza kupumua.

Hakuna aliyeniuliza jina. Si ubaya,
koti lilikwisha jibu.
Květa wa meza ya gundi aliniita Vlasta kwa mzaha,
baadaye akaniita Vlasta kwa kusahau,
na wiki ya sita niligeuka kabla hajamaliza kuita.
Mfukoni mlikuwa na pipi za mnanaa zilizogandana,
penseli iliyotafunwa,
risiti ya fundi viatu.
Pipi nilikula mbili.
Risiti niliikunja upya, kwa mikunjo yake ileile.

Jioni moja niliokota kichupa kutoka ndooni, nikaenda nacho nyumbani.
Nikapima meza: imeinama.
Kabati, dirisha, kitanda
nilicholalia peke yangu tangu Radim aondoke: vyote vimeinama,
vyote vinaelekea mtoni.
Nikacheka. Kisha nikakumbuka nimeshika nini mkononi.
Nikakigeuza, mbele nyuma, kama nilivyofundishwa,
nikapima tena, nikapima mara tatu.
Kosa lilikuwa lake kidogo,
la nyumba kidogo.
Nikakunja kipande cha gazeti, nikakiweka chini ya mguu wa meza,
nikala viazi vyangu.

Vlasta alirudi wiki ya tisa, na mkongojo.
Nilivua koti, likiwa bado na joto langu.
Alilivaa, akatia mkono mfukoni, akahesabu.
"Mbili hazipo," akasema, na hakukasirika.
Akakaa. Akageuza uso pembeni, akashusha pumzi,
akalaza kichupa juu ya jiwe
kwa mkono ambao sikuwahi kuwa nao.

Zile wiki mbili zilizosalia hakuna aliyezitaja.
Otakar alinihesabia noti, akatafuta bahasha,
kalamu yake ikasimama hewani.
"Samahani," akasema, akitazama kifua changu
kwenye sweta tupu,
"hivi jina lako ni nani?"

Nikashusha pumzi kwanza.
Pembeni.
Nikamwambia.