Umefika Wapi?

Newala mtandao una kiburi.
Sokoni kijiti kimoja, nyumbani hakuna,
ila ukifika ukingo wa Shimo la Mungu,
pale ardhi inapokatika kama mkate,
vijiti vinasimama vyote vinne
na simu inakukaribisha Msumbiji.
Huko ndiko ninakopakia vitabu.

Mchana napima korosho ghalani:
gunia, namba, unyevu, daraja.
Jioni nakwapua riwaya moja,
ile ya mshona viatu anayetembea peku,
na vumbi la magunia likiwa bado kwenye nyusi
naenda kuitafutia macho.

Fesibuku nilianza na jalada tu, juu ya gunia.
Vidole gumba vitatu.
Cha kwanza changu mwenyewe,
cha pili cha shangazi Somoe, aliyeuliza hapo hapo
kama tumeshalipwa malipo ya awali,
cha tatu cha muuza dawa za nguvu.

Instagramu wanataka mwanga.
Nikakilaza kitabu kati ya mabibo mekundu,
jua nalo limelala ubavu;
mioyo mia mbili na tisa.
Wakauliza mabibo ni ya wapi.

Tiktoku wanakupa pumzi tatu.
Ukisema "habarini wapenzi wa vitabu"
wameshakwenda.
Nikajifunza kuanzia katikati ya ugomvi:
"Mke akamrushia nyundo, ikaelekea mguu usio na kiatu..."
Nikakata.
Elfu nne wakaja usiku mmoja.
Nusu walisifu kilemba changu.
Nusu walitaka kujua nyundo.

Wasapu hawana haraka.
Huko nasoma kwa sauti, dakika sita,
jogoo wa jirani akiingilia.
Nesi mmoja wa Liwale anasikiliza akikunja bandeji,
Bakiri Nampoto wa Kitangari anasikiliza akilinda mnara wa simu.
Siku niliyopaliwa, watu ishirini walinipa pole.

Kitabu kilekile, milango minne,
na kila mlango una hodi yake.

Nilikuwa nahesabu, nasema kweli.
Kabla ya kunawa uso nahesabu.
Ghalani mizani ikasema kilo themanini,
mimi nikaandika elfu nne mia moja na kumi.
Dadi Mkanyoma, karani mwenzangu, akafuta, akaandika upya,
akaniambia: "Wafuasi wako wana unyevu. Waanike kwanza."
Nikacheka. Halafu sikulala.

Maana nakala ni moja,
na duka la vitabu la karibu,
nauli yake inazidi bei ya kitabu.
Elfu nne wanajua nyundo ilirushwa.
Wangapi wanajua ilikotua?

Jumamosi akabisha binti mwenye sare ya shule,
miguu ina vumbi la Kitangari,
mkononi fungu la ming'oko ya kuchemsha.
Hana simu. Husikiliza kwenye simu ya kaka yake,
huyo mlinzi wa mnara.
"Nimekuja kumalizia," akasema.
Hata kukaa hakukaa.
Nikampa kitabu, nikala ming'oko,
jina lake sikuandika. Karani mzima mimi!

Hakijarudi.
Nasikia kilionekana Tandahimba kwa fundi cherehani,
kikaondoka na mtu wa Mahuta.
Kinatembea bila bando, bila chaji,
kinalala penye taa.
Huku kwangu wafuasi wanapungua, leo kumi, kesho kumi na saba:
wamechoka kutazama mikono mitupu
ikisimulia kwa kukumbuka.

Jana usiku, kule ukingoni, simu ikalia.
Namba ngeni. Picha ya ukurasa
uliokunjwa sikio, una doa la mchuzi,
na kidole gumba, cheusi kwa mafuta ya maganda ya korosho,
kimeukanyaga mstari usije ukapotea.
Kidole gumba chenyewe. Cha nyama.

Nikatafuta pa kubonyeza moyo, nikaacha.
Nikaandika tu:
umefika wapi?