Nusu Pigo

Kengele ishirini na tano, watu kumi na mmoja:
hiyo ndiyo hesabu niliyoanza nayo mezani jikoni,
Novemba, kaskazini mwa Minnesota,
theluji imekwisha fika kwenye mdomo wa sanduku la barua.
Mikono ishirini na miwili. Kengele tatu zitalala kwenye mahameli yao,
kwa hiyo wimbo huu usizililie.
Sikuanza na tuni. Nilianza na majina.

Ardith: So na La. Miaka themanini na mmoja, bega la kulia limechoka,
La yake isije mara mbili mfululizo.
Mapacha wa Lindquist: wape sauti za juu, lakini mbalimbali,
wasije wakachekeshana.
Mchungaji naye anataka kupiga.
Mpe mapumziko marefu.

Kidole kimoja hakivunji chawa,
na mwenye noti mbili hana wimbo, ana zamu tu.
Anasimama na glavu zake nyeupe, anahesabu,
anatoa sauti yake, anaizima kifuani
kama mtu anayeficha barua,
anahesabu tena.

Taabu yangu ilikuwa Lowell.
Fa.
Anaendesha katapila la kusukuma theluji,
na sikio lake la kushoto liliishia ndani ya injini zamani.
Pigo halisikii; hulitazama kwenye kiwiko cha Ardith,
na mpaka kiwiko kifike machoni, na macho yaufikie mkono,
So imeshapita.
Nusu pigo. Kila mara nusu pigo ile ile.
Angekosea ovyo ningemkemea,
lakini kuchelewa kwake kulikuwa na adabu ya saa ya ukutani.

Chelewa chelewa, husemwa, utakuta mwana si wako.
Basi, nikasema, nimzalie wa kwake.

Nikaufuta mstari wa tisa.
Nikaiacha So itangulie peke yake,
Fa ifuate nyuma kwa nusu pigo,
kama mtu anayerudishia lango mwenzake akishapita.
Nikapenda. Nikajenga mstari wa kumi juu yake,
kisha ukurasa mzima, unachechemea kidogo, haudondoki.
Kwenye nakala ya Lowell peke yake niliandika:
*pamoja na So.*
Niliujua mkono wake. Ungefika ninapotaka.

Jumapili ya tatu ya Majilio.
Meza zimetandikwa sponji na kitambaa cha buluu,
makoti ya sufu yananuka unyevu,
kahawa inachemka ukumbi wa chini.
Nikainua mkono.

Mstari wa tisa, Fa ikalia juu ya So, barabara,
zikakwaruzana, jirani kwa jirani,
kama magoti mawili kwenye benchi fupi.
Ile nusu pigo niliyoitengeneza ikabaki tupu,
na ndani yake mlio ukatetema, ukapanda,
hata mtoto mmoja wa safu ya mbele
akaangalia dari kuutafuta.

Lowell hakutazama kiwiko cha mtu.
Alikuwa amefumba macho. Midomo ilihesabu.

Chini, kikombe mkononi, akanieleza:
karatasi aliibandika karibu na usukani, wiki tatu,
kila alfajiri, barabara ya kwenda kwenye kinu cha mbao,
kila mlingoti wa simu pigo moja.
Mara ya kwanza alifika mjini akiwa amewahi
na hakuwa na wa kumwambia.
"Nimepatia?"

Ardith alinitazama juu ya keki yake.
Ardith, mwenye nakala ya kweli.

"Umepatia," nikasema.

Usiku nikachukua kifutio.
Penseli ilikuwa imezama, ile nusu ilitoka kwa shida;
nikapuliza vumbi lake jeusi likaanguka sakafuni.
Sasa mstari wa kumi hauna pa kukanyaga.
Nitauanza upya kesho,
nikishajua Lowell anafika wapi.