Sukari Yenye Taa

Tangu jana saa mbili usiku sijaonja kitu ila maji.
Hata pipi ya kikohozi marufuku.
Hata kubeba ndoo, hata kupanda kilima cha nyumbani kwa haraka:
"Misuli iliyochoka," walisema, "hula kama mgeni wa msiba,
itatuharibia picha."
Basi mimi Nyanjige, mwanika dagaa wa Igombe,
niliyebeba magunia tangu sijavunja ungo,
jana nilikaa kigodani nikitazama wengine wakianua.

Asubuhi wakanitoboa kidole.
Tano nukta nane. Kagemulo akatabasamu: sukari yako ina adabu.
Kisha, na hapo nilicheka peke yangu,
baada ya kuninyima chai usiku kucha
wakanidunga sukari.

Ilikuja ndani ya kijisanduku cha madini ya risasi, kizito kama jiwe la kusagia.
Ilipanda ndege alfajiri, na njia nzima ilikuwa inapungua,
kila baada ya saa mbili hivi nusu imekwenda zake,
kama barafu ya sangara kwenye gari la Kirumba.
Ndiyo maana hapa ukiambiwa saa tatu ni saa tatu:
dawa hii haimsubiri aliyekosa kivuko.
"Itauma?"
"Kama sindano yoyote."
Hakunidanganya. Ubaridi kidogo mkononi, basi.

Chumba kidogo, kiti cha kulalia, blanketi
(sikusikia baridi; wakasema mwili ukitetemeka nao hula).
Saa nzima usiseme, usitafune, usishike simu,
usimwazie mtu mpaka ukakunja ngumi.
Mimi! Nisiseme!
Dirishani mawe ya Mwanza yamepandana, jiwe mgongoni mwa jiwe,
hakuna aliyeyaambia yasitikisike.
Nikajifunza kwao.

Nikawaza: ndivyo tufanyavyo ziwani usiku wa giza.
Unashusha taa juu ya maji, unanyamaza.
Huendi kutafuta. Chenye njaa kitakuja chenyewe kwenye mwanga.
Ila safari hii ziwa ni mimi,
na mwanika dagaa mzima naombea wavu utoke mtupu.

Kojoa kwanza. Vua hereni, vua sidiria yenye chuma.
Shanga za kiunoni je?
Kagemulo akacheka: za kioo hizo, baki nazo.
Mikono juu ya kichwa, kama aliyekamatwa na doria.
Mashine si pango nililoliota; ni pete nene,
unaona huku, unaona kule.
Kitanda kinaingia, kinasimama, kinasogea tena kidogo.
Dakika ishirini na tano. Bega la kushoto likawasha. Sikulikuna.
Hakuna kilichouma ila bega, na kutojua.

"Majibu?"
"Alhamisi. Daktari asome kwanza. Mimi napiga picha, mama, sisomi."
Nikamtazama usoni ili nisome mwenyewe.
Uso umefungwa kama duka la Ijumaa mchana.

Nje, mkwe wangu Mbuke, mimba ya miezi saba, akainuka anipokee.
Nikamwonyesha kiganja: kaa hapo hapo.
Yeye ncha ile ya benchi, mimi ncha hii,
katikati chupa ya chai imekaa kama mshenga.
Vijiko vinne kwenye kikombe changu. Nani atanikataza?
Halafu maji, na maji tena, na choo, itoke.

Nyumbani Tabu akaja mbio.
"Simama! Bibi leo ana taa ndani. Mpaka usiku."
Akanizunguka kwa mbali,
akitafuta inapowakia.

Sasa saa nne. Mwezi haupo; taa za dagaa zimejipanga kule mpaka visiwani.
Nimehesabu saa kwa vidole, mara mbili.
Yangu imezimika.
Naruhusiwa kumbeba mtoto, naye amelala zamani,
mguu mmoja nje ya neti.
Nauinua, naurudisha ndani.
Mkono wangu nauacha pale pale.