Kurasa Sita za Mwisho

Nyuma ya daftari la mauzo, kurasa sita za mwisho,
ndimo nilimowafuga.
Kibanda chetu kiko Kirumba, juu kidogo ya Mwaloni,
harufu ya dagaa huingia bila hodi,
na mimi Nkwimba nimekaa nyuma ya nondo
nikipokea jero na buku za watu
kwa farasi ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuwagusa.

Januari niliandika: huko Marekani
farasi wa mbio wote hutimiza mwaka siku moja.
Aliyezaliwa Machi, aliyezaliwa Mei,
kalenda ikigeuka wote wamekua.
Nikacheka peke yangu. Bibi yangu wa Magu
kitambulisho chake kinasema Julai mosi,
maana karani alichoka kuuliza
na bibi alikumbuka nzige tu.

Februari, mkufunzi kafungiwa miaka miwili.
Damu ya farasi wake ilikutwa na dawa
ambayo jina lake lilinishinda kulitamka.
Mhoja, mpakiaji wa magunia, akasema:
"Basi na mimi wanipime mkojo,
gunia la kilo mia haliinuki kwa chai ya rangi."

Machi sina kitu. Umeme.

Mei, saa nane kasoro dakika tatu usiku,
kule kwao jua bado linawaka,
wanawake wamevaa kofia pana kama nyungo.
Farasi ishirini, dakika mbili.
Mhoja aliweka buku mbili kwa Deni la Mjomba,
ndivyo nilivyomtafsiria jina,
naye akafika wa kumi na saba, akitembea karibu.
Mkeka ukachanika. Mhoja hakuondoka.
Alitaka kujua kama farasi aliyeshindwa
hupewa maji kwanza au hugombezwa kwanza.

Juni, jike wa rangi ya chai ya maziwa
alivunjika mguu kona ya mwisho.
Wakaja mbio na turubai la kijani, wakalisimamisha kama ukuta,
kisha runinga ikatuonyesha tangazo la matairi.
Nalijua turubai. La Mwaloni ni la buluu,
likitandazwa kwenye mchanga
watu huacha kupatana bei.

Agosti, uwanja wa miaka tisini umeuzwa,
patajengwa maghala.
Kwenye picha mtunza farasi amesimama katika zizi tupu
na ndoo mkononi. Ndoo ya plastiki, nakuambia,
yenye mpini wa waya uliofungwa kitambaa,
kama ya mama yangu.

Oktoba ukurasa ulijaa:
mwanafarasi kanunuliwa dola milioni nne mnadani;
mpanda farasi aliyevunjika uti amerudi, ameshinda;
na Magu, mnunuzi wa ngozi alipita tena,
mjomba akauza punda wa bibi.
Hiyo ya tatu haikutangazwa popote.
Niliiandika katikati, kwa kalamu ile ile.
Miaka kumi na mmoja alibeba maji.
Punda afe mzigo ufike, walisema,
hawakusema ngozi iende wapi.

Novemba usubi wa ziwa ulifunika kioo,
farasi wakakimbia ndani ya moshi mweusi unaotambaa.
Nikafuta kwa khanga. Wakafa wengi,
usubi, nasema, si farasi.

Leo tarehe thelathini na moja. Mhoja ananidai chenji,
mimi namdai maneno.
Fataki zinapasuka upande wa Capri Point,
pimbi wamejibana kwenye miamba,
kwetu saa sita imegonga, kwao bado ni jana.

Deni la Mjomba, miaka minne.
Jike wa rangi ya chai, na yeye nimemwekea mwaka wake,
haunigharimu wino.
Punda hakuwa na jina wala karani.
Nimempa Julai mosi.
Bibi akiuliza, nitamwambia ni somo yake.