Sifuri

Mama alishika daftari la kikoba, Tabata Kimanga:
wanawake ishirini na wawili, kila Alhamisi.
Kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki mezani.
Hesabu ikigoma hakuna aliyenyanyuka,
chai ipoe, mtoto alie mgongoni,
mpaka mia ya watu ionekane.

Sikujua kwamba ananifundisha basiba.

Ndiyo ile, mabomba ya alumini juu ya vikombe vya kaure,
njia panda ya umeme, laini sita.
Umeme hauweki akiba pale. Unapita.
Kila laini ina siti wake. Sisi mafundi tunaziita hivyo,
kama mabibi wa zamani wenye hadhi zao,
na kazi ya siti ni moja: kuhesabu wapitao,
kisha kuipelekea rilei ukweli kwa waya mwembamba.
Rilei inajumlisha. Jibu liwe sifuri.
Lisipokuwa sifuri, mwizi yumo ndani ya nyumba,
na rilei ina milisekunde kumi na tano
kuamrisha breka zote zifunguke.
Zote. Na wodi ya wazazi iwe giza
hadi jenereta ikohoe mara ya tatu.

Kwa hiyo isichelewe. Na isikurupuke.
Masharti haya yanagombana
kama ndugu waliorithi kiwanja kimoja.

Kitabu cha masharti, ukurasa wa kumi na tisa:
*hitilafu ikiwa nje, mfumo utulie.*
Kutulia! Aliyeandika hajaona siti akishiba.
Mkondo ukifurika, chuma kinavimbiwa sumaku,
na shahidi aliyeshiba hasemi kweli,
anasinzia katikati ya ushahidi.
Rilei iwe imeng'amua mapema,
katika zile milisekunde tatu za mwanzo,
shahidi akali na njaa.

Usiku wa kupima tulikuwa watatu.
Mimi, Anzuruni mwanafunzi, na Bwana Lyatuu
aliyekuwa ameshaagiza utepe wa uzinduzi.
Tukaingiza ampea mia tatu kwa laini ya Kimanga,
tukazitoa kwa laini ya Segerea.
Robo imeingia, robo imetoka.
Kioo kikasema: nusu.

Nusu, pale ilipotakiwa sifuri.
Mbu wakaendelea na shughuli zao.
"Kipimo kibovu," alisema Lyatuu. "Saini, tuwashe, asubuhi wageni."
Nikamwona mama, kalamu sikioni,
akimtazama mweka hazina bila neno.
Nikasema, hatuondoki.

Saa nane na robo Anzuruni akafungua kisanduku cha sita,
tochi mdomoni, jasho likimdondoka kwenye namba za nyaya.
Akanyamaza mno.
Waya wa kwanza ulikaa mahali pa wa pili.
Siti wa Segerea alihesabu kinyumenyume,
akiona waliotoka kama wanaoingia.
Na mwandiko wa kwenye lebo ulikuwa wa Anzuruni.
Sikumgombeza. Nilimshikia tochi.

Skrubu mbili. Tukapima tena.
Sifuri, halafu vumbi la desimali, halafu sifuri.
Lyatuu akaenda kulala garini.

Utepe ulikatwa, picha zikapigwa, sikumo.

Mwezi wa nne, mvua ya usiku, lori la kokoto
likaangusha nguzo njia ya Segerea.
Nilikuwa nyumbani, nimelala nusu.
Taa ya jikoni ikazama, ikawa nyekundu kama kaa la mkaa,
nikahesabu bila kutaka: moja—
ikarudi.

Laini moja tu ilikatwa, ile yenye kosa.
Kinyozi wa ng'ambo, anayenyoa hadi usiku wa manane,
hata mashine hakuitoa kichwani mwa mteja.

Simu ikalia. Anzuruni.
"Dada Tunu, imenyamaza," alisema, akihema.
"Basiba. Imenyamaza kabisa."

Nikazima taa mwenyewe.