Jiwe la Gramu Moja

Chuo kilianza na mlango mmoja
nyuma ya hospitali, ghala lililokuwa la mkonge.
Tulilipaka chokaa mara tatu
na bado nyuzi zilichomoza ukutani kama mvi.
Tulikuwa sita. Viti vitano.
Aliyechelewa kutoka Ngamiani alisimama na kinu,
akatwanga hadi saa nne.

Mwalimu Shehoza alikuwa na mizani ya shaba
na kisanduku cha mawe yake, ndani kimetandikwa mahameli:
hamsini, ishirini, kumi, tano, mbili, moja.
Tusiyashike kwa vidole. Koleo tu.
"Jasho lako lina uzito," alisema,
"na mgonjwa hakuja kununua jasho."

Mwaka ule sukari iliadimika Tanga nzima.
Sharubati ya kikohozi tulijifunza ubaoni,
tukaikoroga kwa chaki,
tukaionja kwa kijiko kitupu.
Perpetua akaleta asali ya Handeni kwenye chupa ya soda.
Mwalimu akainusa, akaifunga, akaiandikia lebo,
kisha akauliza: kwa uzito au kwa ujazo?
Tulikaa mpaka kandili ikaisha mafuta.

Mimi ndiye niliyesahau nukta.
Sufuri, nukta, tano: nikaandika tano.
Mtoto wa Makorora, miezi minane, degedege.
Dawa imekwisha fungwa, mama amekwisha toka.
Mwalimu alikimbia na koti lake jeupe, ndara mguu mmoja,
akamkuta getini anahesabu sarafu za nauli.

Hakunigombeza.
Alikichukua cheti kile cha dawa
akakipigilia msumari juu ya mizani,
jina langu amelikata kwa mkasi.
Miaka miwili nilisoma
chini ya nukta isiyokuwapo.

Siku ya kuondoka niliiba jiwe la gramu moja.
Kwa nini, sikujua. Bado sijui.
Koleo sikutumia.

Karani Kijazi alihesabu mali kila Juni.
Jiwe la gramu moja: halipo.
Likaja jengo la pili, bati la buluu: halipo.
Wanafunzi thelathini, kisima,
bweni la wasichana linalovuja upande wa kibla: halipo.
Kijazi akastaafu, mwandiko ukabadilika,
ukalalia kushoto: halipo.
Cheti kikawa stashahada. Ghala likavunjwa,
msumari ukaenda na ukuta.
Daftari likaingizwa kwenye kompyuta,
nayo kompyuta, isiyomjua Shehoza wala Kijazi,
ikaandika vilevile.

Leo nimealikwa. Miaka arobaini na mmoja.
Ghorofa tatu, vigae, wanafunzi mia mbili na ushei,
majina yao marefu kuliko foleni yetu ya chai.
Binti anayetunza maabara, Nangoma,
ananionyesha mizani iliyofungiwa ndani ya kioo.
"Usiegemee meza, mama. Inahisi hata pumzi."

Nikafungua fundo la leso.
Nikaomba koleo.

Tarakimu zikacheza, zikasitasita, zikatulia:
sufuri, nukta, tisa, nane, saba.

Miligramu kumi na tatu zimekwenda wapi?
Labda nimezila kwa kidole gumba,
zamu za usiku Korogwe, Pangani, Lushoto,
maana kila dozi ya mtoto
nililigusa kwanza ndipo nikaandika.
Au labda lilikuwa hivi tangu ghalani,
na sisi sita, na koleo letu, na heshima yetu yote,
tuliupimia mji pungufu
na mji ukapona.

Wa kumuuliza amelala Mwanzange, chini ya mchanga.

Nangoma amefungua orodha, kidole kimesimama hewani.
"Niandike lipo?"

Andika lilivyo, nikamwambia.
Anza na sufuri.
Halafu ngoja. Halafu nukta.